Oili inavuja kwenye gari la zamani? Osha injini kabla hujanunua gasketi

Wadau wenye Peugeot 504, Datsun 1200, Land Rover za Series na nyingine za umri huo, ukiona oili chini ya gari usikimbilie Kariakoo kununua gasketi, na fundi asifungue hata boliti moja kabla injini haijaoshwa ikawa safi kabisa. Oili inashuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma, kwa hiyo pale inapodondokea sipo inapotokea, chanzo kiko juu na mbele huko. Nimeona watu wanashusha giaboksi wabadilishe sili ya nyuma ya krenki, hela imeshakwenda, kumbe oili ilikuwa inatoka kwenye kava ya tapeti (kifuniko cha valvu juu ya injini) na kutiririka mgongoni mwa injini.

Mi naosha kwa mafuta ya taa na brashi, naacha ikauke, alafu napaka poda ya mtoto, hiyo hiyo ya dukani kwa Mangi, kila sehemu ninayoishuku. Nazungusha gari, Tabata mpaka Buguruni na kurudi inatosha, nafungua boneti na tochi mkononi. Oili inakuwa imechora mstari mweusi kwenye poda, unaufuata kwenda juu mpaka unapoanzia. Kwa Land Rover, kama inadondoka kwenye kile kitundu cha chini ya hauzingi ya flaiwili, ichukue kidoleni uinuse, oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti na ya injini haina, hapo unajua sili ipi imechoka kabla hujashusha kitu.

Alafu brita, tundu la injini kupumulia, hii watu wanaisahau sana. Ringi za pistoni zikizeeka zinapitisha gesi kwenda kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), brita ikiwa imeziba ile presha inatafuta pa kutokea na inasukuma oili kwenye kila sili, unabadilisha sili zote na zinavuja tena. Kofia ya oili yenye wavu ndani ioshe na petroli, paipu zake za mpira zipulize.

Kava ya tapeti ni bati tu, mafundi wanaikaza mpaka gasketi ya koki (cork) inapasuka na bati linabonyea kuzunguka matundu ya boliti. Ivue, ilaze juu ya ubao ulionyooka, gonga taratibu na nyundo ndogo pale palipobonyea mpaka kingo zote zikae sawa, ndipo uweke koki mpya na kukaza kwa mkono mwepesi. Kupaka silikoni kila mahali siafiki kabisa. Niliwahi kufungua sampu ya Datsun ya jirani nikakuta vipande vya silikoni nyekundu vimeng'ang'ania kwenye chujio la pampu ya oili, wavu umeziba karibu nusu, na injini ya hivyo inaweza kufa kwa kukosa oili wakati stiki inaonyesha imejaa.

Sasa hedi, kichwa cha injini. Hapa Dar zinauawa na foleni pamoja na maji ya kisima, maana visima vyetu vingi vina chumvi na chumvi inakula alumini kuzunguka njia za maji, na hedi ya 504 au ya Datsun 1200 ni alumini. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, simamisha gari hapo hapo. Subiri injini ipoe kabisa, alafu legeza boliti za hedi kidogo kidogo kuanzia za nje kuja katikati. Kwa 504, hedi ikishatoka usizungushe krenki bila kuzibana slivu (mirija ya silinda inayochomoka), zinakaa ndani ya maji zile na zikisogea tu sili za chini zinaachia.

Kabla hujaibeba kwa mafundi wa Gerezani kupiga skimu (kuchonga uso wake kwenye mashine unyooke), pima mwenyewe. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili, pitisha filagaji (vibati vya kupimia nafasi) chini yake. Kwa injini nyingi za zama hizo ikizidi milimita 0.1 ndiyo skimu, lakini kipimo cha manyuo (kitabu cha ufundi) ya gari lako ndicho cha kufuata. Pima na unene wa hedi kwa vernia kabla na baada, umwambie fundi wa mashine atoe kile tu kinachosawazisha uso, kwa sababu hedi hizi kuzipata nyingine ni kazi kweli na alumini ikishaliwa hairudi. Nyufa zitafute kwa mafuta ya taa: paka, futa mpaka pakauke, pangusia chaki, penye ufa mafuta yatajichora yenyewe.

Valvu nazo ziangalie vizuri. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, na hedi za chuma ambazo siti (pale valvu zinapokalia) zimechongwa kwenye chuma chenyewe zilikuwa zinalindwa na ile risasi. Ukiona tapeti za egzosti zinabana kila mara baada ya kusetiwa, siti zinazama, na hapo wekeza kwenye siti ngumu za kupachika wakati hedi iko mezani tayari. Moshi wa bluu ukiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko ni gaidi za valvu (vile vibomba valvu zinamopita), hilo skimu haliponyi.

Wakati wa kurudisha, matundu ya boliti kwenye bloku yasafishe na kuyapuliza yawe makavu, maji au oili ikibaki chini boliti itajifanya imekaza wakati bado, na inaweza hata kupasua bloku. Anzia katikati kwenda nje, kwa hatua, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), sio kwa kukisia. Boliti za hedi za Land Rover 2.25 ya petroli ni futi-paundi 65, nafasi ya tapeti 0.25 mm zote. Tembeza gari siku chache, kaza tena kama manyuo inavyosema, seti tapeti upya, rejeta weka kulanti, na thermostati irudi mahali pake hata kama fundi anakwambia gari za nchi za joto hazihitaji. Kile kipimo cha vernia kiandike kwenye daftari la gari, fundi atakayefungua baada yako ajue hedi imebaki na unene gani.