Tumbo la msafiri Guangzhou: maswali yenu kuhusu vihoteli vya familia

Maonyesho ya Canton, yale ya biashara mjini Guangzhou, China, yakikaribia, ya Aprili na ya Oktoba, barua zenu huwa za kontena na bei za mzigo. Safari hii wengi mmeuliza mtakula nini, nami nimefurahi. Nimeona watu wakirudi na mzigo mzuri na vidonda vya tumbo.

*Shangazi, shikamoo. Naenda Guangzhou mara ya kwanza kuchukua viatu. Mimi ni Mwislamu, na wenzangu wananiambia nitakula biskuti wiki nzima. Ni kweli? (Kariakoo)*

Marahaba, mwanangu. Biskuti ziache nyumbani. Ukifika, tafuta kibao, mara nyingi cha kijani, chenye herufi hizi: 清真. Husomwa "chingjen", na ndiyo halali yao. Vingi vya vihoteli hivyo huuza tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, ingawa wengi wa wenye navyo si watu wa Lanzhou. Wametoka Hualong, mkoani Qinghai. Ni Waislamu wa makabila ya Kihui na Kisalar waliosambaa miji ya China kwa kazi hiyo moja. Baba anavuta tambi, mama amejitanda mtandio yuko kwenye hesabu, mtoto anaandika kazi ya shule meza ya pembeni.

Kabla hujaketi, simama karibu na baba dakika moja umtazame. Anashika donge la unga, analivuta, analikunja, anavuta tena. Uzi mmoja unakuwa mbili, mbili nne. Akikunja mara nane ana nyuzi 256 mkononi, na hajagusa kisu. Unene unachagua wewe: *maoxi* ni nyembamba kama nywele, *jiuye* ni bapa kama jani, *dakuan* ni pana kama mkanda. Supu ni ya ng'ombe, nayo wana kipimo chao cha rangi tano: mchuzi uwe mwangavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani ya kotimiri mabichi, tambi zenye umanjano. Bakuli kwa kawaida ni kama yuan (fedha ya China) 15 hadi 20, na linamshibisha mtu aliyezunguka sokoni tangu asubuhi. Hupati pombe humo, wala usiingie nayo.

*Kwenye hoteli za kawaida nitajuaje kama kuna nguruwe? Herufi zao sizijui. (Kampala)*

Shika moja tu: 肉. Maana yake ni nyama, lakini ikiandikwa bila jina la mnyama mbele yake, karibu kila mara ni nguruwe. Ng'ombe ni 牛, kondoo au mbuzi 羊, kuku 鸡, samaki 鱼. Zipige picha uziweke kwenye simu. Mdomoni sema "wo bu chi zhurou", yaani sili nguruwe, na watakuelewa. Ila usijidanganye: jikoni karai ni lilelile, na mafuta ya nguruwe hutumika hata kwenye mboga. Kama unachotafuta ni halali hasa, rudi kwenye kile kibao.

*Tulikuwa wanne, kila mmoja akaagiza sahani yake. Mmoja akamaliza kula, mwingine hata hajaletewa. Tulikosea wapi? (Mombasa)*

Mlikula kila mtu na chake, ndipo mlipokosea. Pale chakula ni cha meza, si cha mtu. Wali kila mmoja ana kibakuli chake, vingine vyote vinakaa katikati, na kila kitoweo kinaletwa kikitoka motoni. Watu wanne waagize vitoweo vitatu au vinne, kimoja kiwe mboga za majani, na supu. Nyinyi mliokulia kwenye sinia la pilau mtazoea siku ileile.

Mkiagiza samaki mzima, mkimaliza upande wa juu msimgeuze. Toeni uti wa mgongo muendelee na chini. Familia nyingi za pwani ile ya kusini huona kumpindua samaki ni kupindua chombo baharini, na watu wa Mwambao hawahitaji kuelezwa zaidi. Wala msichomeke vijiti wima kwenye wali. Hivyo ndivyo udi unavyochomekwa kwa ajili ya marehemu.

*Nimeona watu wanamwagia chai vikombe na bakuli kabla ya kula. Vyombo ni vichafu? (Dodoma)*

Hapana, ni desturi ya watu wa Guangzhou. Suuza na wewe, umwage kwenye bakuli kubwa lililowekwa mezani. Vyombo vilivyofungwa kwenye nailoni huenda vikatozwa yuan moja au mbili, kwa hiyo usigombane na mtu. Birika likiisha, acha mfuniko wake wazi kidogo, wataongeza maji. Mwenzako akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili: ni ahsante.

*Niache bakshishi? (Nairobi)*

Usiache. Atakufuata hadi barabarani akurudishie. Na malipo ni kwa simu: tangu 2023 unaweza kuunganisha kadi yako ya nje na Alipay au WeChat, programu za simu wanazolipia, ila weka noti ndogondogo mfukoni.

*Niliingia kihoteli saa tisa alasiri nikakuta familia nzima inakula. Niliona haya nikatoka. Nilifanya vizuri? (Bujumbura)*

Ungekaa, mdogo wangu. Wenye kihoteli hula wakati wateja wamepungua, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Usiwaharakishe, waache wamalize. Mimi niliwahi kuingia saa kama hiyo, nikanyooshea kidole sahani yao badala ya orodha ya bei. Mama akacheka, akanipakulia mayai yaliyokaangwa na nyanya, na wali. Orodhani hayakuwemo. Bei alikadiria kichwani, akataja yuan 8.

Sasa nikiingia pale, mayai yale huyapata kabla sijaagiza.