Kuzidisha gloriosa bustanini: anza na viazi, mbegu baadaye

Ukiipenda gloriosa, jina lake la kitaalamu Gloriosa superba, usiifuate porini na jembe. Ni mmea wa asili wa Afrika na Asia, na ziko sehemu ambako umechimbwa kwa ajili ya dawa mpaka umekuwa adimu. Isitoshe, mtu huuona ukiwa na maua, na huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuung'oa: kiazi cha zamani kimeshanyonywa na kusinyaa, na vile vipya chini yake bado havijakomaa. Muombe mtu anayeupanda. Huu ni mmea wa kudumu, na kila msimu kiazi kimoja huacha viwili mahali pake, kwa hiyo mwenye nao hakosi cha kugawa.

Kabla ya kuomba, jua kwanza kwamba ni sumu, mmea wote, na viazi ndivyo vibaya zaidi. Ndani yake mna kolkisini, ambayo madaktari huitumia kwa vipimo vidogo sana kutibu jongo. Nje ya vipimo hivyo huua. Wako watu waliowahi kuvipika viazi hivi wakidhani ni viazi vitamu. Mimi huvigusa nikiwa na glavu, na sivihifadhi jikoni wala stoo ya chakula, hata viwe ndani ya chombo kilichoandikwa. Kama una mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mbuzi anayezurura uani, chagua ua lingine.

Sasa kiazi chenyewe. Kina umbo la herufi V, mikono miwili iliyoungana, na kila mkono una jicho moja tu, kwenye ncha kabisa. Kiazi ulaya ukikivunja vipande, kila kipande kinaweza kuwa na jicho lake. Hiki hakina jicho la akiba. Ncha ikivunjika, mkono huo hauoti tena, na viazi hivi huvunjika kwa urahisi wa kuudhi. Ndiyo maana mimi hulegeza udongo kwa uma wa bustani mbali na shina, halafu namalizia kwa vidole.

Wakati wa kufukua ni pale majani yamegeuka manjano na shina limekauka lenyewe. Usilikate mapema eti linachafua bustani; hizo wiki za mwisho ndizo zinazonenepesha kiazi. Ukishafukua, tenganisha mikono miwili kwenye kona kwa kisu safi, acha kidonda kikauke siku chache kivulini, kisha vifukie kwenye mchanga mkavu. Vile vidogo mimi sivitenganishi. Kiazi chembamba hutoa majani tu na kukuacha bila ua msimu mzima, na ukikipasua unazidi kujichelewesha.

Halafu usivitie maji. Mkulima mwenye huruma ndiye anayeozesha gloriosa: anaona chungu kitupu, anakimwagia kidogo, na kiazi kilicholala hakina majani ya kuyatumia maji hayo. Kama unapanda kwenye chungu, wala huna haja ya kufukua kila mwaka. Acha kumwagilia na ukiweke pasipofika mvua hadi jicho lianze kuamka.

Wakati wa kupanda, laza kiazi, jicho likiinuka kidogo, na ukifunike kwa udongo wa sentimita 5 hadi 10. Udongo uwe wa kupitisha maji: mboji na mchanga kwa wingi. Weka nguzo siku hiyohiyo, maana ukija kuichomeka baadaye unaweza kukitoboa kiazi. Mmea huu hupanda kwa vikono vilivyo kwenye ncha za majani, na vikono hivyo haviwezi kushika mti mnene. Fito nyembamba, waya au kichaka jirani vinatosha. Mizizi hupenda kivuli, kichwa hupenda jua.

Mbegu ni kwa mwenye subira, kwani toka kupanda hadi ua la kwanza ni kama miaka 3, pengine zaidi. Ua lenyewe limepinda kile kishina cha kupokea chavua upande, mbali na chavua yake, hivyo wadudu wakikosekana tunda halishiki. Hapo chukua brashi laini, beba chavua kutoka ua la mmea mmoja, upake kwenye ncha ya kishina hicho katika mmea mwingine. Tunda likipasuka utaona mbegu nyekundu. Ziache zikauke, uzipande kwenye chungu, na usikimwage chungu hicho baada ya mwezi mmoja bila dalili. Huchukua miezi, na haziamki zote pamoja. Mwaka wa kwanza utapata jani moja moja na kiazi kidogo sana. Usikihamishe, kiache humohumo mpaka kinenepe.