Mita 60 zinaanzia ukingoni, si katikati ya mto

Mkuu, umeuliza zile mita 60 za kutojenga kando ya mto zinapimwa kuanzia wapi: zinaanzia ukingoni mwa mto. Anayekwambia upime kutoka katikati ya maji anataka kukuuzia kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa, hata mabwawa. Nyumba ya tofali ni shughuli ya kudumu, hapo hakuna mjadala. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataja eneo hilo hilo la mita 60 inapoeleza ardhi hatarishi.

Na ile karatasi ya serikali ya mtaa uliyoonyeshwa na muuzaji wa kiwanja si kibali cha ujenzi. Inathibitisha mauziano tu. Kibali kinatoka halmashauri. Waliobomolewa nyumba bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia Desemba 2015, wale ambao nyumba zao zilipigwa alama ya X ya kubomolewa, baadhi yao walikuwa na karatasi za aina hiyo.

Ila usidhani mita 61 ni salama. Mto wa mchanga kama Msimbazi unakula ukingo kila masika, kwa hiyo nyumba iliyokuwa mbali inajikuta mlangoni pa maji bila kuhama. Na Jangwani kwenyewe, kwenye bonde hilo hilo, maji hutanda hadi barabarani. Kabla hujatoa hela, nenda na mpimaji, halafu waulize majirani maji ya mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi.