Mfumo ni nani, mwanangu?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Akili unde ikikosea, alaumiwe nani?" Akili unde ndiyo hiyo vijana wanayoiita AI. Nimesoma majibu mafupi mliyotanguliza. Msomaji mmoja anasema mashine yenyewe ndiyo ya kulaumiwa. Wa pili anasema asilaumiwe mtu, teknolojia ndivyo ilivyo. Wa tatu, aliyenichekesha, anasema bora mashine kuliko binadamu kwa sababu "mashine haina mjomba". Huyo nitamrudia.

Mimi nimekaa nyuma ya kioo cha benki miaka 22, kwanza kama keshia, kisha kwenye dawati la mikopo midogo, katika tawi moja la Morogoro. Benki yenyewe sitaitaja. Kuna maneno mawili niliyoyatamka huko mara nyingi kuliko jina la mwanangu wa kwanza: mfumo umekataa.

Miaka yangu ya mwisho kazini ililetwa programu ya kupima waombaji wa mikopo. Unaingiza umri, shughuli, mahali anapoishi, miamala ya miezi sita na madeni ya nyuma, kisha inakutolea rangi. Kijani, mpe. Njano, muite meneja. Nyekundu, hakuna mjadala. Siku moja akaja mama mmoja, mjane, muuza mchele sokoni. Kabla ya programu hiyo alikuwa amekopa kwetu mara nne na mara zote nne amelipa. Nikamwingiza. Nyekundu. Nikamwambia, "Mama, samahani, mfumo umekataa."

Akasogeza uso karibu na kioo. "Mfumo ni nani, mwanangu? Niitie nizungumze naye."

Nikacheka. Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikusanya karatasi zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Jioni ile nilimuuliza meneja. Akanionyesha waraka kutoka makao makuu: mwombaji aliyepita miaka 60, asiye na mdhamini mwajiriwa, apewe nyekundu bila kujali historia yake. Mama alikuwa na miaka 61. Kumbe programu haikuwa imewaza lolote. Kulikuwa na watu katika chumba fulani Dar es Salaam, wakajadili, wakanywa chai, wakakubaliana namba, mmoja akatia saini. Waliomkataa ni wao, ila walimkataa kwa mdomo wangu, nami nikawafichia majina bila hata kuombwa.

Najua nitajibiwa kwamba hiyo ilikuwa kanuni ya kawaida, si akili unde. Ni kweli. Hizi za sasa haziandikiwi "miaka 60". Zinapewa mafaili ya maelfu ya wakopaji wa zamani, waliolipa na walioshindwa, nazo zinatafuta humo dalili zinazoambatana na kulipa au kutolipa. Aliyezitengeneza mwenyewe anaweza ashindwe kukueleza kwa nini fulani kapata alama ndogo. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza: kwa kuwa hakuna aliyeiandika kanuni kwa mkono, wanadhani hakuna aliyeamua.

Lakini mafaili hayo aliyachagua nani? Nani alisema "mkopaji mzuri" maana yake ni nini, ni yule asiyechelewa hata siku moja au ni yule anayechelewa wiki mbili baada ya mavuno lakini hamalizi mwaka na deni? Halafu kuna mstari. Programu hizi hutoa alama, tuseme kati ya 0 na 100, na lazima mtu achore mstari: juu ya hapa apewe, chini ya hapa anyimwe. Ukiupandisha, unawanyima wengi ambao wangelipa. Ukiushusha, unawapa wengi watakaokimbia. Lipi kati ya hayo ni baya zaidi, hakuna hesabu inayoweza kukuambia. Mtu huchagua, na kwa uzoefu wangu mtu huyo huwa haioni foleni.

Sasa nimrudie yule wa mjomba. Namwelewa vizuri, kwa sababu undugunaizesheni nimeuona kwa macho yangu: fomu iliyokataliwa asubuhi ikapita mchana baada ya simu moja. Mashine haipokei simu hiyo. Sitamdanganya msomaji kwamba zamani kulikuwa na haki, hakukuwa nayo. Ila mashine inajifunza kutoka wapi? Kutoka kwenye mafaili yale yale ambayo mjomba alikwisha kuyapitia. Kama kwa miaka 15 mikopo mikubwa ilikwenda kwa waliojuana na meneja, na wanawake wa sokoni wakapewa vijisenti, basi programu itaona kwamba wanawake wa sokoni hawana historia ya kulipa mikopo mikubwa. Na ni kweli hawana! Hawakupewa. Mjomba ametoka kaunta, amehamia kwenye mafaili, na huko humwoni wala huwezi kumshtaki.

Niseme kidogo kuhusu lugha, maana Kiswahili nilikisoma hadi kidato cha sita na bado kinanisumbua kichwani. Sikilizeni vijana wanavyosema siku hizi: "AI amesema", "AI ameniandikia". Kiambishi hicho cha a- tumekihifadhi kwa wenye pumzi. Kifaru na kipepeo tunawatoa kwenye ngeli ya KI-VI tunawaleta kwa watu, kwa kuwa wanapumua. Gari tunalipenda, tunaliosha, wengine wanalipa jina, lakini likizimika njiani bado ni "limezima". Programu hii imepanda cheo kwa miaka michache tu. (Hata "mfumo umegoma" ni msemo wa ajabu ukiufikiria. Kugoma ni kazi ya wafanyakazi wenye madai. Mfumo unadai nini?)

Ndiyo maana nawashukuru kwa kutumia "akili unde" katika swali lenu, ingawa wengine wanapendelea akili mnemba au akili bandia. Unde inakumbusha kuunda. Jahazi huundwa. Likivuja baharini hatuliulizi jahazi. Tunamuuliza fundi, na tunamuuliza zaidi nahodha aliyeng'oa nanga huku akijua linavuja.

Zile programu za kuandika na kujibu maswali, ambazo ndizo watu wengi wanazijua, nazo zinakuzwa kupita kiasi. Kwa msingi wake, programu ya namna hiyo imesoma maandishi mengi mno na kujifunza ni neno gani huwa linafuata baada ya mengine. Mpwa wangu aliiuliza historia ya sehemu tunayotoka, ikamtungia mtemi ambaye hakuwahi kuwepo, tena kwa Kiswahili safi na mwaka wa kutawazwa. Nikamwambia haikumdanganya, kwa sababu mwongo huwa anaijua kweli. Ilipanga maneno yanayoonekana kama jibu. Kosa lilikuwa la mpwa wangu, aliyetaka kulipeleka shuleni bila kuuliza wazee. Mwaka 2023 huko New York mawakili wazima walifanya hivyo hivyo: walipeleka mahakamani hukumu sita za zamani walizopewa na ChatGPT, na hukumu hizo hazikuwepo popote. Jaji aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000. Wao, si programu.

Kesi ninayoirudia zaidi akilini haina hata akili unde ndani yake, ni ya kompyuta ya kawaida ya mahesabu. Inanigusa kama keshia. Kila keshia anajua hofu ya shoti: umefunga siku, umehesabu droo, fedha hazifiki zinazosomeka kwenye skrini. Unahesabu tena. Unatoa akiba yako unajazia, ulale. Uingereza, kuanzia mwaka 1999, shirika la posta liliwaletea wakala wake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha shoti ambazo hazikuwepo. Wakala walijazia kutoka mifukoni mwao, wengine wakafilisika. Wakipiga simu kuulizia, wengi wao waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Wengine walifungwa, mmoja akiwa mjamzito. Wapo waliojiua.

Iliwezekanaje? Mahakama za kule zilikuwa zikianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vingine. Mwuza stempu wa kijijini angethibitishaje? Hitilafu zilijulikana kwa baadhi ya mafundi. Shirika lilikuwa likikana kwamba mtu wa nje anaweza kuingia kwenye hesabu za wakala kutoka mbali, na ikaja kubainika kwamba iliwezekana. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hatia za watu hao kwa pamoja. Miaka 20 na zaidi. Katika miaka yote hiyo skrini iliaminiwa na binadamu akaitwa mwizi, na kila aliyekuwa juu alikuwa na la kusema: mfumo unaonyesha hivyo.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakiogopa kwamba siku moja mashine zitaamka na kututawala, sibishani nao sana. Labda. Nachelea tu kwamba hofu hiyo ya kesho inawapa nafasi ya kupumua wanaoamua leo.

Wapo waliojaribu kuisema hoja hiyo ya "si sisi, ni mashine" mbele ya sheria kabisa. Kanada, abiria mmoja aliyefiwa na bibi yake aliuliza kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa. Programu ya mazungumzo ikamwambia anunue tiketi kwanza, ataomba punguzo baadaye ndani ya siku 90. Alipoomba, akaambiwa utaratibu hauko hivyo. Walipofika kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, shirika likajitetea kwamba programu ile inajitegemea na inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa mchele. Shirika zima la ndege lilikuwa likisema maneno yangu ya kaunta! Februari 2024 baraza likalikatalia: tovuti ni yako, na yaliyomo ni yako, yawe yameandikwa kwenye ukurasa au yametamkwa na programu. Likaamriwa kulipa dola za Kanada kama 812. Si fedha nyingi, lakini jina la mlipaji lilijulikana.

Tusisahau pia kwamba ndani ya mashine zenyewe kuna watu. Januari 2023 jarida la TIME liliandika juu ya vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma na kuwekea alama maandishi machafu kabisa, ya ubakaji na mateso, ili programu za OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, zijifunze kuyatambua. Mshahara wao ulikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Watu wanashangaa jinsi mashine ilivyo na adabu. Adabu hiyo ilinunuliwa kwa usingizi wa mtoto wa mtu.

Basi jibu langu, Mhariri, kama mnalitaka kwa sentensi chache. Mtengenezaji ana sehemu yake, hasa akificha kasoro anazozijua. Mzigo mkubwa naupeleka kwa aliyeinunua na kuiweka iamue juu ya watu, awe benki, mwajiri, polisi au serikali, maana yeye ndiye aliyechora mstari na ndiye anayefaidika. Na kipande kidogo nakibakiza kwa aliyekaa kaunta, yaani mimi, niliyecheka badala ya kuuliza. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki mwananchi aliyeamuliwa na mashine peke yake, na Kenya waliweka haki kama hiyo kwenye sheria yao ya 2019. Wangapi foleni wanajua?

Nimestaafu sasa. Mwezi uliopita niliomba mkopo mdogo wa kuezeka banda la kuku, kwa simu, kwenye kampuni moja ya hizi za siku hizi. Dakika haikupita, ujumbe ukaingia: ombi lako halikufanikiwa. Nikaenda ofisini kwao. Kijana wa watu akanipokea kwa shikamoo, akaangalia skrini, akasema, "Mama, samahani, mfumo umekataa."

Nikamuuliza, "Mfumo ni nani, mwanangu?"

Hakucheka, nampa hiyo. Alinyamaza kidogo, akainuka akaingia ndani, akarudi na kuniambia msimamizi wake hayupo, nije Jumatatu. Nilikwenda Jumatatu. Msimamizi naye hakujua, lakini aliandika jina la mtu wa Dar es Salaam kwenye kipande cha karatasi, na namba ya simu. Bado haijapokelewa. Nampigia kila siku saa nne asubuhi, wakati wa chai.