Fundi Anajibu: Ford ya Babu Inachemsha Foleni, Niweke Injini ya Toyota?

SWALI: Shikamoo anko fundi. Mimi msomaji wako wa Upanga. Babu mzaa mama alituachia Ford V8 sedani ya 1936, ilikaa uani chini ya mwembe miaka na miaka imefunikwa turubai, kuku wanatagia siti ya nyuma. Mimi na mjomba tumeihangaikia miaka mitatu mpaka imesimama, bodi imenyooshwa, rangi nyeusi inang'aa unaweza kunyolea ndevu. Asubuhi inawaka poa, naenda nayo Coco Beach watu wanajaa kupiga picha, ila nikirudi nikakuta foleni pale Selander inachemsha, muda kidogo inazima kabisa. Nikikaa pembeni nusu saa inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Stata nayo inazunguka kichovu. Fundi wangu anasema nitoe hiyo injini niweke 3S ya Toyota na umeme wa volti 12, eti injini za mkoloni hazikutengenezwa kwa joto la Dar. Mjomba kasema nikithubutu nisimwite tena mjomba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba atulie, mimi niko upande wake, na huyo fundi wako simtukani ila hapo kaongea kifundi maiko. Joto siyo geni kwa hiyo gari. Soko la makoloni ya Mwingereza walikuwa nalo Ford ya Kanada, ndo waliokuwa wanatoa zile za usukani wa kulia, na mwaka 1936 hapa mjini barabara ya Samora ilikuwa bado inaitwa Acacia Avenue na Sanamu ya Askari ina miaka tisa tu pale ilipo. Foleni ndo haikuwepo, hapo nampa fundi wako maksi moja.

Sasa wewe una matatizo matatu umeyafunga furushi moja ndo maana yanakushinda. Tuanze na kuchemsha. Hiyo V8 valvu zake hazipo juu kwenye silinda hedi kama za Toyota, zimekaa kwenye bloku lenyewe, lile pande kubwa la chuma lenye silinda, kwa hiyo moshi ili ufike kwenye ekzosi lazima ukatize ndani ya bloku, palepale maji yanapopita, yanapashwa humo njiani. Ni maumbile yake toka Henry Ford alivyoitoa 1932, huwezi kuyabadilisha. Halafu ina wata pampu mbili, kila upande yake, na kwenye 1936 zimefungwa mbele ya silinda hedi zinavuta maji ya moto kwa juu, mwaka uliofuata ndo wakazishusha kwenye bloku ziwe zinasukuma. Yako ni ya kuvuta. Pampu ya kuvuta ikichoka kidogo tu, au njia ikiwa na uchafu, maji yanazubaa mule ndani na wewe umesimama Selander huna hata upepo wa kukusaidia.

Niambie ukweli, mlivyokuwa mnanyoosha bodi na kupiga rangi, bloku mliliosha ndani? Naweka dau hamkuliosha. Gari iliyolala chini ya mwembe miaka yote hiyo kule chini nyuma ya bloku kumejaa tope la kutu, na zingine ukizichokonoa unakutana na mchanga wa kiwandani uliobaki toka siku bloku linamiminwa, nimeutoa kwa mkono wangu kwa waya wa henga. Kwa hiyo vua pampu zote mbili, puliza maji kwa nguvu kinyume na njia yake ya kawaida, rudia mpaka yatoke meupe. Rejeta usiishie kumwagia dawa, peleka kwa fundi aifungue tanki la juu apitishe chuma kwenye kila tyubu. Ukijaza tena usiweke maji ya kisima cha hapa mjini, yana chumvi, weka kulanti. Na usijaze mpaka mdomoni! Kifuniko chake hakina presha kama cha gari za sasa, maji yakipata moto yanatanuka yanatapika yaliyozidi, na wengi wakiona hivyo wanashika kichwa wanasema inachemsha kumbe inashusha pumzi tu. Ukimaliza hayo cheki na taimingi, maana moto wa plagi ukichelewa injini inapata joto hata kama maji yanazunguka vizuri.

La pili ni kuzima, na hilo sidhani kama ni kosa la maji. Kuna washukiwa wawili. Mmoja ni koili, ile inayokuza umeme wa betri uwe cheche ya plagi. Kwenye Ford hiyo koili imekaa juu ya distribyuta inayogawa moto kwa kila plagi, na distribyuta iko mbele kabisa ya injini, sasa koili iliyozeeka ikipata moto inakata, ikipoa inarudi, ndo hiyo nusu saa yako. Mwingine ni petroli kugeuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta, kwa sababu pampu ya mafuta nayo imekaa juu ya injini kwa nyuma, inaokwa, na petroli ya siku hizi inaruka upesi. Utawatofautisha vipi? Siku ikizima usipigepige stata kama unakimbizana na mtu. Chomoa waya wa plagi moja, ushike kwa koleo yenye mpira karibu na chuma cha injini, mbali na mafuta, mjomba apige stata. Hakuna cheche, koili. Cheche ipo tena ya bluu, mafuta, na hapo mwagia maji ya baridi kwenye kitambaa ukizungushie pampu uone kama haitawaka. Wazungu wa zamani walikuwa wanabana vibanio vya nguo kwenye paipu ya mafuta, mimi sijawahi kuona vikisaidia lakini watu wanaapa.

Stata ya kichovu sitaki hata kuona betri yako, nataka kuona waya. Fundi umeme kakuwekea waya za betri za gari ya volti 12, sivyo? Ford yako ni ya volti 6, na volti 6 kufanya kazi ileile inahitaji umeme mwingi mara mbili upite, waya mwembamba unapata moto na stata inakufa njaa. Weka waya mnene, kwangua rangi pale inapofungwa kwenye chesisi (mafundi rangi wanapaka mpaka sehemu ya ethi!), na kumbuka hizo Ford chanya ndo inaenda kwenye bodi, siyo hasi. Ford wenyewe walikaa na volti 6 mpaka 1955, siyo ujinga.

Hujaniuliza breki ila nakwambia. Ni za vyuma vya kuvutana, oili ya breki Ford waliileta 1939. Zirekebishe magurudumu yote manne yashike sawasawa, na bodaboda akikuchomekea wewe ulishapunguza mwendo toka zamani.

SWALI: Fundi habari, mimi nipo Mbagala, harusi yangu ni ya Januari na mchumba kapata gari ya zamani ya kukodi, hiyo ya kabla ya vita vya pili. Kanisani ni Mbagala ukumbi upo Mbezi Beach. Inawezekana?

JIBU: Januari saa nane mchana, dada yangu, haina AC, na umevaa shela? Mwambie mchumba iwabebe kutoka kanisani mpige picha barabara ya karibu, halafu Mbezi mwende na gari nyingine. Na mpambaji asifunike grili ya mbele kwa maua, hewa ya rejeta inapita hapo. Hongera lakini.

SWALI: Nina Chevrolet sedani ya 1934, mlango wa dereva unaning'inia, nimebadilisha bawaba mara mbili pesa imeenda bure. Msomaji, Magomeni.

JIBU: Bawaba hazina kosa kaka, zimefungwa kwenye nini? Chevrolet za kabla ya 1937 bati ni la nje tu, ndani yake kuna fremu ya mbao, nguzo ya mlango ni mbao, na sisi tunaishi Dar mchwa wapo mpaka kwenye ndoto. Toa kapeti na kitambaa cha pembeni, chukua bisibisi uichome hiyo nguzo kwa chini, ikizama kama kwenye mkate umepata jibu. Fundi bodi atataka kukuchomelea chuma, mkatalie, moto wa kuchomelea unababua mbao iliyobaki na bati linajikunja. Chomoa ile nguzo mbovu hata kama imebaki vipande vipande, usitupe hata kimoja, vipange mezani upate umbo, peleka Keko kwa seremala anayejua kuchonga vitu vya kona kona, akutolee nyingine ya mvule. Ifungwe kwa skrubu, misumari hapana, na uipake dawa ya mchwa kabla bati halijarudi, maana likisharudi huna pa kupitishia brashi.