Maharage yanamaliza mkaa

SWALI: Shikamoo shangazi. Tuko sita nyumbani, Tabata. Maharage peke yake yanakula mkaa wa asubuhi nzima. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji. Asubuhi yachemshe kwa nguvu dakika 15, kisha sufuria na mfuniko wake uitie upesi kwenye kapu lililojazwa vitambaa au maranda, juu ukandamize mto mzito. Usifunue hata kidogo! Mimi huyaacha humo kwa muda wa saa 3 hivi. Nikirudi sokoni yameshalainika, nawasha moto mdogo wa kuungia nazi tu. Kapu langu nililishonea khanga kuukuu za marehemu mama. Ila sufuria iwe imejaa. Ikiwa nusu inapoa haraka. Na jiko la bati tupu liache, tafuta lenye udongo ndani.