Ufa mmoja, nyufa nyingi, na lile korongo la Mai Mahiu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili hapa Nakuru. Mwanafunzi wangu ameandika: "Nyufa moja kubwa ilitokea Mai Mahiu mwaka 2018 kwa sababu Afrika inapasuka." Nilipoisahihisha "nyufa moja" aliniambia ndivyo anavyosikia redioni. Mwenzangu wa Kiswahili naye anasema neno sahihi si ufa wala nyufa, ni mpasuko. Nani yuko sawa? Na wingi wa Bonde la Ufa ni upi?

JIBU: Mwalimu, umesahihisha mahali panapostahili, ila ningekuwa mimi kalamu nyekundu ingeendelea mpaka mwisho wa sentensi. Nitakuja huko.

Kwanza sarufi. Ufa ni umoja, nyufa ni wingi. Ufa umetokea, nyufa zimetokea. Ufa mrefu, nyufa ndefu. Nomino za U-ZI zenye shina fupi la silabi moja haziachi ile U zinapoingia wingi. Huitanguliza NY tu: uso na nyuso, uzi na nyuzi, ua na nyua. Zenye shina refu kidogo huidondosha, ndipo ukuta ukawa kuta.

Mwanafunzi wako lakini hakulibuni kosa hilo. Sikio la Mkenya limezoea "nyumba imeanguka" na "nyumba zimeanguka", neno lisilobadilika, kwa hiyo likisikia NY mwanzoni linadhani liko kwenye ngeli ya I-ZI. Ndiyo sababu vijana wetu husema "nyimbo hii ni kali" bila kukunja uso. Sina nguvu za kupigana na "nyimbo hii" matatuni. Katika karatasi ya mtihani nitapigana.

Sasa mpasuko. Mwenzako hajakosea kulipenda neno hilo, amekosea kulifanya mbadala wa ufa. Linatokana na kitenzi pasuka, kama mporomoko unavyotokana na poromoka na mmomonyoko na momonyoka. Majina ya namna hiyo hubeba tendo ndani yake: ukisema mpasuko umeniambia kwamba kitu kilikuwa kizima, kikaachana. Ufa haukuambii hivyo. Ufa ni ule uwazi mwembamba unaouona, uwe umeletwa na nini. Ule udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ukipita Ahero wakati wa kiangazi, huwa na nyufa unazoweza kuingiza mkono, na mvua ikinyesha zinafumba. Hakuna mtu wa Kisumu atakayekuambia pale pana mipasuko ya ardhi. Ukutani ni ufa pia, na wahenga walituonya kuuziba mapema. (Kwenye kisigino, kwa wanaouliza, ni magaga. Kiswahili hakina uvivu na vitu kama hivi.)

Kwa hiyo palipo na tetemeko, mpasuko ni neno zuri sana. Mfano mwalimu unao karibu na nyumbani. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9, na ardhi ikakatika kwenye ukingo wa bonde, chini ya mteremko wa Laikipia, kwa kilomita zipatazo 38. Upande mmoja ulishuka, mwingine ukabaki juu. Huo ni mpasuko, na hakuna haja ya kuuita "mstari wa makosa" kama nilivyowahi kuona katika tafsiri moja. Waingereza wana neno moja, "fault", kwa mwamba uliokatika na kwa kosa la mtu. Sisi hatuna sababu ya kurithi mkanganyiko wao. Miamba ya Subukia haikumkosea mtu.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Afar, Ethiopia. Septemba 2005 miamba iliyoyeyuka ilijisukuma chini ya ardhi karibu na mlima Dabbahu, na kwa siku chache tu ganda la dunia likaachana kwa urefu wa kilomita 60 hivi, mahali pengine kwa upana wa hadi mita 8. Hapo andika "ilipasuka" bila woga.

Na Mai Mahiu je? Hapa ndipo kalamu nyekundu inaendelea. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya kwenda Narok ilikatika na pakaonekana handaki refu ambalo sehemu zake ziliripotiwa kuwa na kina cha mita 15. Dunia nzima ikatangaziwa kwamba bara linagawanyika vipande viwili. Ni kweli kwamba mabamba mawili ya ganda la dunia yanaachana chini ya miguu yetu, lakini kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hivyo. Wanajiolojia wengi walioitazama Mai Mahiu walieleza jambo jingine: palikuwa na ufa wa zamani uliojaa majivu laini ya volkeno, yale ambayo milima kama Longonot na Suswa iliyamwaga kwenye bonde hilo zamani, na mvua ikayasomba.

Kama ndivyo, kitenzi "kupasuka" kinadai zaidi ya kilichotokea siku ile. Ardhi ilifukuliwa. Na kitu kinachochimbwa na maji, chenye kingo mbili zilizosimama na upana wa kumeza lori, kina jina lake la siku nyingi: korongo, kama lile la Olduvai kule Tanzania. Nasema basi, ufa ulikuwepo, maji yakaufanya korongo. Kuchagua kati ya ufa, mpasuko na korongo ni kutaja chanzo, na mwanafunzi wa Jiografia anastahili kuulizwa chanzo kabla ya kuulizwa ngeli.

Mambo ni hayo hayo kwa ardhi inayopanda na kushuka. Setilaiti za rada hupiga mawimbi mahali pamoja mara mbili, kwa tarehe tofauti, kisha wataalamu wakalinganisha mawimbi yaliyorudi na kupata tofauti za sentimita. Kwa njia hiyo walibaini kwamba Longonot ilipanda kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na kwamba Menengai, mlima huo unaouona ukitoka nje ya darasa, ilishuka sentimita chache kati ya 1997 na 2000. Mhariri mmoja aliniuliza kama mlima unaweza "kuvimba" au hilo ni la jipu. Unaweza: mkate huvimba, mto pia hufura, na mlima unaosukumwa kutoka ndani si tofauti. Kwa kushuka ninalo neno ninalolipenda kuliko "kudidimia", nalo ni kutitia. Kinachodidimia huzama kikapotea. Ardhi inayotitia inabonyea polepole, nawe umesimama juu yake usijue.

Wingi wa Bonde la Ufa ni mabonde ya ufa. Kinachoongezeka ni mabonde. Ufa pale unaeleza aina ya bonde tu. "Mabonde ya nyufa" ni mengine kabisa, sijui yako wapi.

Sentensi ya mwanafunzi wako ningeirudisha hivi: "Machi 2018 mvua kubwa ilifukua ufa wa zamani karibu na Mai Mahiu, ikaacha korongo lililokata barabara ya Narok."